Wikiendi ya pwani Uingereza majira ya machipuko: maswali mnayoniuliza kila mwaka

Naishi Leeds, nimezaliwa Tanga, na kila ikifika Februari simu yangu inajaa voisi za ndugu na marafiki wanaotaka kwenda baharini wikiendi kabla shule hazijafungwa na bei hazijapanda. Maswali ni yaleyale, ndo maana nimeyaandika hapa yote na majibu yangu. Mimi najua zaidi pwani ya Yorkshire na Northumberland kwa hiyo huko nitaongea sana, kwingine nitapita haraka.

Machipuko ni lini hasa, na nichague wikiendi ipi?

Machi, Aprili na Mei. Ila hizo ni kama nchi tatu tofauti. Machi bado ni baridi na sehemu nyingi za kitalii zimefungwa au zinafunguliwa siku mbili tatu tu kwa wiki. Kuanzia Pasaka mambo yanafunguka. Mei ndo tamu kabisa, jua linazama saa mbili na nusu mpaka saa tatu usiku kwa hiyo Jumamosi yako inakuwa ndefu mno, unakula chakula cha jioni halafu unarudi ufukweni bado kweupe.

Cheki tarehe hizi kabla hujabuki chochote. Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka ni mapumziko England na Wales (2026 Pasaka ni tarehe 5 Aprili, 2027 ni tarehe 28 Machi). Jumatatu ya kwanza ya Mei na Jumatatu ya mwisho ya Mei nazo ni benki holidei, na hiyo ya mwisho shule nyingi zinakuwa likizo ya wiki nzima. Wikiendi hizo ni foleni na bei juu. Ukiweza, chukua wikiendi ya pili au ya tatu ya Mei, kazi yako itakupa Ijumaa moja tu ya kuomba na utapata pwani ileile kwa nusu ya watu.

Jumapili ya mwisho ya Machi saa zinasogezwa mbele saa moja. Kumbuka hilo, nitalirudia chini kwenye habari ya maji.

Tutaogelea?

Hapana. Najua mtu wa Tanga au Mombasa au Unguja akisikia bahari anafikiria kuingia, lakini kwetu maji hayashuki sana chini ya nyuzi 25, na Aprili bahari ya Yorkshire ni nyuzi 7 au 8 tu. Maji huchelewa kupata joto kuliko hewa, kwa hiyo unaweza kuwa na siku ya jua zuri la nyuzi 18 na bahari bado ni ya Februari. Ukitumbukia ghafla kwenye maji ya chini ya nyuzi 15 mwili unashtuka, unavuta pumzi bila kutaka, na ukivuta ukiwa chini ya maji ndo basi. Hata anayejua kuogelea vizuri linampata.

Watoto watakanyaga maji kwenye vifundo, sawa, wavue viatu wacheze. Ikitokea mtu kaanguka majini, RNLI, wale wa mashua za uokoaji ambao wapo tangu 1824 na wengi wao ni wa kujitolea, wanafundisha kitu kimoja: ulale chali uelee, usipigane na maji, dakika moja na nusu hivi pumzi itarudi, halafu uite msaada. Ukiwa nchi kavu unaona mtu anazama usiingie kumfuata, piga 999 uwaambie unataka Coastguard, yaani walinzi wa pwani. Namba hiyo mfundishe kila mtu kwenye safari, na wageni kutoka nyumbani pia.

Sasa kama hatuogelei tunaenda kufanya nini?

Kutembea, kula, kukaa, kuangalia. Bahari ya huku inabadilika sana kwa siku moja, asubuhi ufukwe una upana kama viwanja vinne vya mpira, jioni haupo kabisa, mawimbi yanapiga ukuta wa barabara. Mimi bado sijaizoea hiyo na sitaki kuizoea.

Habari ya maji kujaa na kupwa ni lazima nijue?

Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote kwenye ukurasa huu, na watu wengi wanapanga hoteli, treni na mgahawa halafu hawaangalii maji kabisa. Panga wikiendi yako kwa kufuata maji, vingine vyote vitajipanga vyenyewe.

Sisi wa pwani hii elimu tunayo, tumeisahau tu kwa kukaa mbali. Mwezi ukiwa mpevu au mwandamo ni bamvua, maji yanajaa sana na yanakupwa sana, nusu ya mwezi ni maji mafu, hayaendi mbali wala hayapandi juu. Ni mwezi uleule. Tofauti ni kiasi: Tanga na Zanzibar bamvua hufika karibu mita 4, Yorkshire karibu mita 5, lakini ukienda upande wa Bristol, Weston-super-Mare na kule, maji yanaweza kupanda mita 14, na yakitoka yanaacha tope jingi ambalo si la kutembea juu yake. Bamvua kubwa kabisa za mwaka zinakuja karibu na mwisho wa Machi na Septemba, kwa hiyo machipuko tuko katikati yake.

Mama yangu alipokuja kututembelea tulimpeleka Scarborough. Usiku wa Ijumaa akafungua pazia la chumba, akaangalia mwezi juu ya bandari, akasema, "Kesho bamvua, mwanangu, asubuhi mtaona maji yamekwenda mbali." Hakuwa na simu mkononi wala jedwali. Na kesho yake kabla ya adhuhuri mchanga ulikuwa umetandaa mpaka unachoka kuuangalia, mama kajifunga khanga juu ya koti anaokota makombe.

Jambo jingine zuri kulijua: kila pwani ina saa zake. Pwani ya Yorkshire siku za bamvua maji yanajaa alfajiri na tena jioni, kati ya saa kumi na saa kumi na mbili, halafu yanakupwa kabisa karibu na adhuhuri. Yaani wikiendi ya mwezi mpevu unapata ufukwe wote mchana wa Jumamosi. Wikiendi ya maji mafu ni kinyume chake, yanajaa mchana. Kwa hiyo nikiulizwa wikiendi ipi, kwanza naangalia kalenda ya mwezi.

Ratiba za maji zipo bure kwenye intaneti, andika jina la mji. Ila angalia saa zake ni zipi. Jedwali nyingine zinaandikwa kwa saa za GMT mwaka mzima na hazijui kwamba saa zimesogezwa mbele, kwa hiyo kuanzia mwisho wa Machi inabidi uongeze saa moja mwenyewe. Saa moja kwenye ufukwe wenye majabali nyuma yako ni kubwa sana.

Kweli mtu anaweza kuzingirwa na maji? Si unaona yanakuja?

Huyaoni. Mwaka mmoja mwezi wa Aprili tulikuwa Robin Hood's Bay, kijiji cha pwani ya Yorkshire, tukashuka pale penye mtelemko wa mashua tukatembea chini ya majabali kwenda Boggle Hole, sio mbali, lakini ukiwa na watoto wanaookota kila jiwe unachukua muda. Tukafika, tukakaa, chupa ya chai ikatolewa, maandazi yakatoka, watoto wakawa wanachungulia kaa kwenye vidimbwi vya mwamba. Bahari iko mbele yetu imetulia. Shemeji akasema bado kuna nafasi kubwa tu. Mimi nikageuka nyuma kuangalia tulikotoka na pale kwenye kona ya jabali tulipopita kwa viatu vikavu kulikuwa na maji tayari, yameingia kwa kuzunguka kwenye mifereji ya mwamba, hayakutokea mbele hata kidogo. Tulirudi kwa njia ya juu, ile ya Cleveland Way inayopita mgongoni mwa majabali, ngazi nyingi, watoto wanalia wamechoka, lakini njia ilikuwepo. Sehemu nyingine haipo.

Kwa hiyo ufukwe wenye jabali nyuma uende maji yakiwa yanatoka, na uwe umeondoka kabla hayajageuka kurudi.

Holy Island ni salama kwenda na gari?

Ni salama ukifuata saa, na ni pazuri mno, nendeni. Iko Northumberland, jina jingine ni Lindisfarne, kuna monasteri iliyoanzishwa mwaka 635 na ndipo Waviking walipovamia mwaka 793. Barabara ya kuingia inapita juu ya mchanga na mara mbili kila siku bahari inaifunika, kila mara kwa saa kama tano hivi. Halmashauri ya Northumberland inatoa saa salama za kupita na zimebandikwa pia pale barabarani. Kuna kibanda cheupe kimesimama juu ya nguzo na ngazi yake, ni cha watu waliokwama wapande wakae humo wakiangalia gari lao linaingia maji. Kila mwaka wapo. Usiseme nitawahi.

Ukiwa huko Ijumaa Kuu utaona mahujaji wanavuka kwa miguu kwenye mchanga wamebeba misalaba mikubwa ya mbao, wengine pekupeku kwenye baridi ile. Mimi ni Mwislamu lakini nilisimama nikawaangalia mpaka wakafika wote.

Naishi London / Birmingham / Leicester / Manchester / Edinburgh, niende wapi?

London mna bahati, Brighton ni kama saa moja kwa treni (ufukwe ni kokoto, leteni viatu vigumu), Margate ni saa moja na nusu kutoka St Pancras na ina mchanga mzuri. Kati ya Brighton na Eastbourne kuna basi namba 12 linalopita karibu na yale majabali meupe ya Seven Sisters, mandhari yake ni kubwa kwa nauli ya basi. Usisogee ukingoni, ile ni chaki, inamomonyoka bila taarifa, na Beachy Head ina urefu wa mita 162.

Leicester wengi mnakwenda Skegness kwa mazoea. Jaribuni Hunstanton. Iko mashariki ya nchi lakini imetazama magharibi, kwa hiyo unaona jua linazama baharini, na majabali yake yana mistari, chini mekundu juu meupe.

Birmingham kuna treni ya moja kwa moja mpaka Barmouth, Wales, ni safari ndefu ila sehemu ya mwisho inakwenda pembeni kabisa mwa bahari. Manchester nendeni Llandudno. Edinburgh kuna North Berwick, treni kama nusu saa tu, mbele yake mwamba wa Bass Rock umekuwa mweupe kwa ndege.

Leeds, Bradford, Sheffield na York: Scarborough au Whitby, na mimi nasema Whitby. Ngazi 199 kupanda kwenye magofu ya abasia. Wengi hawajui kwamba mwaka 664 kulikuwa na kikao hapohapo Whitby cha kuamua Pasaka ihesabiwe vipi, wakafuata hesabu ya Roma, kwa hiyo hiyo likizo ya Pasaka unayoipangia safari iliamuliwa juu ya kilima hicho.

Treni au gari?

Mkiwa watatu mpaka tisa ulizeni punguzo la kikundi, kampuni nyingi za treni zinapunguza theluthi moja kwa tiketi za saa zisizo na msongamano na halihitaji kadi. Mkiwa wawili, au mna watoto, reilikadi, yaani kadi ya punguzo la treni, ni pauni 35 kwa mwaka na inaweza kujilipa kwa safari moja mbili. Tiketi za bei nafuu zinatoka wiki 12 hivi kabla, ila za wikiendi huchelewa sababu ya matengenezo ya reli. Na hayo matengenezo ndo balaa, wanapenda kuyafanya Jumapili na benki holidei, unajikuta umepandishwa basi badala ya treni kwa saa mbili. Angalia National Rail siku chache kabla na tena asubuhi yenyewe.

Whitby treni zake ni chache kwa siku, inatoka Middlesbrough inapita bonde la Esk, saa moja na nusu ya mashamba na wanakondoo. Ukikosa, basi la 840 kutoka Leeds na York linavuka nyika za Yorkshire, na mwaka 2018 lilichaguliwa kuwa na njia nzuri kuliko zote Uingereza. Kaa juu, mbele.

Gari lina uhuru, ila pakingi ya miji ya pwani inajaa saa nne asubuhi na mtandao wa simu mara nyingi ni hafifu wakati mashine inataka ulipe kwa apu. Pakua apu nyumbani, beba na sarafu.

Malazi nibuki lini, na yapi?

Kwa Mei buki Januari au Februari. B&B (nyumba za kulala zenye kifungua kinywa) nyingi hazikubali usiku mmoja wikiendi, wanataka mbili. Familia kubwa angalieni karavani za kwenye maholidei paki, zina jiko, sebule na vyumba viwili vitatu, na kabla ya likizo za shule bei yake ni rahisi. Hosteli za YHA nazo zina vyumba vya familia na jiko la pamoja, ya Whitby iko juu kilimani karibu na magofu na ya Boggle Hole iko ufukweni kabisa. Nasisitiza jiko kwa sababu ya swali linalofuata.

Chakula halali kitapatikana?

Nyama, mara nyingi hapana, miji midogo ya pwani haina. Samaki ndo chakula chetu, lakini hapa sikilizeni vizuri. Yorkshire maduka mengi ya samaki na chipsi yanakaangia mafuta ya ng'ombe, wenyewe wanayaita dripping, na ni desturi yao ya siku zote, wanaiona ndo ladha. Ng'ombe huyo hakuchinjwa kihalali. Kwa Mhindu pia ni shida. Na chipsi zinakaangwa humohumo kwa hiyo usiseme nitakula chipsi tu. Tena unga wanaompaka samaki wengine wanauchanganya na bia.

Mara ya kwanza nauliza nilikuwa naona aibu, foleni ndefu nyuma yangu, baba mmoja wa makamo na aproni yake akaniangalia akasema dripping, kisha akatoka nje ya kaunta, akanionyesha kwa kidole duka la tatu kule chini, akasema wale wanatumia mafuta ya mimea. Tangu siku hiyo siogopi kuuliza, na hakuna aliyewahi kunijibu vibaya. Uliza haya mawili tu: mnakaangia mafuta gani, na kwenye unga kuna bia?

Kule wanapenda samaki anayeitwa hadoki (haddock) kuliko kodi (cod). Weka chumvi na siki, kula nje, ila kaa umeegemeza mgongo ukutani kwa sababu shakwe wanakuja kwa nyuma na wanachukua samaki mzima mkononi.

Sisi tunabeba hotipoti ya pilau kwa Ijumaa usiku na mikate ya kumimina ya kifungua kinywa. Usiwe na aibu na hotipoti yako.

Tuvae nini?

Upepo ndo tatizo. Tisheti, sweta, koti lisilopitisha upepo na mvua, kofia ya kufunika masikio hata Mei. Mwamvuli uache nyumbani, utageuka. Viatu jozi mbili kwa kila mtoto. Na mafuta ya jua, ngozi zetu pia zinaungua kwenye upepo wa bahari bila kuhisi joto.

Tuliambiwa jua, tukakuta ukungu mzito. Ilikuwaje?

Pwani ya mashariki ina ukungu wake wa baharini, unakuja hasa machipuko na mwanzo wa kiangazi, hewa yenye uvuguvugu inapita juu ya maji baridi inageuka wingu na kuingia mjini. Mara nyingi maili mbili tatu bara kuna jua kali. Msikate tamaa, pandeni basi mwingie ndani kidogo, mrudi jioni.

Ndege wale wenye mdomo wa rangi ya chungwa wanaonekana wapi?

Pafini. Aprili mpaka Julai. Huku Yorkshire ni Bempton Cliffs, majabali ya chaki ya kama mita 100, yamejaa mamia ya maelfu ya ndege, na kelele na harufu vinakupokea kabla hujafika. Wale weupe wakubwa wenye ncha nyeusi za mabawa wanapita usawa wa macho yako, karibu mpaka unasikia upepo wa bawa. Pafini ni wadogo, wadogo kuliko picha zinavyoonyesha, kwa hiyo beba darubini. Mkitaka kuwaona karibu ni visiwa vya Farne kwa boti kutoka Seahouses, buki mapema na ujue bahari ikichafuka boti haiendi.

Watoto watachoka?

Wape uzi, ndoo na vipande vya samaki wakavue kaa ukutani bandarini Whitby. Wenzao wanatumia bekoni, kaa hawachagui, samaki anatosha. Weka maji ya bahari kwenye ndoo, kaa wasizidi wachache, warudishwe majini wakimaliza. Watakaa hapo saa mbili.

Wazazi au ndugu wanakuja kutoka nyumbani, wanahitaji nini?

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Kongo, Rwanda au Burundi anahitaji viza ya mgeni, inakaa mpaka miezi 6, na maombi yanapokelewa kuanzia miezi 3 kabla ya safari, majibu kwa kawaida wiki 3. Kwa hiyo kwa safari ya Mei anzeni Februari. Ndugu zetu wenye pasipoti ya Oman tangu Februari 2024 wanatumia ETA, kibali cha kusafiri cha kielektroniki, badala ya viza. Isle of Wight ni Uingereza hiyohiyo, feri haiulizi pasipoti, lakini Jamhuri ya Ireland ni nchi nyingine, viza ya hapa peke yake haitoshi.

Tutaangaliwa?

Miji mingine mtakuwa peke yenu weusi au peke yenu wenye hijabu siku hiyo, siwezi kuwadanganya. Wazee wanasalimia, hasa ukiwa na mtoto au mbwa wao akikusogelea. Nimeshawahi kukutana na maneno mabaya mara moja kwa miaka yote hiyo, nikaondoka na watoto wangu tukaenda mbele. Bahari ni ya kila mtu, msiache kwenda kwa sababu hiyo.

Kuswali?

Mkeka mdogo, kibla ni kusini mashariki, nyasi za juu ya majabali ni safi na tulivu. Udhu chukua maji kwenye chupa.

Jumapili tuondoke saa ngapi?

Angalia maji. Kama yanakupwa asubuhi, fungasheni kabla ya kifungua kinywa, mabegi yawekwe mapokezi, mshuke ufukweni mpaka saa sita, mle, mpande treni ya saa nane au saa tisa kabla hazijajaa. Kama yanajaa asubuhi, kaeni kwenye benchi la ukutani na chai yenu muyaangalie yakipiga, ila msimame mbali na ukingo.